Sarufi ya Kura Iliyoharibika

Miaka thelathini na moja nilifundisha Newala
tofauti ya -nge- na -ngali-.
-nge-: mlango umerudishwa tu, sukuma.
-ngali-: mlango umejengewa tofali.
Watoto waliandika, "Mvua ingalinyesha, tungalivuna."
Nikaweka vema kwa wino mwekundu
nikaenda zangu nyumbani kula.

Mpwa wangu Chitanda hukesha na simu.
Ananiambia Marekani kuna watu
shughuli yao ni kuwafufua walioanguka kwenye mchujo:
yule aliyekohoa jukwaani, wanampa koo zima;
yule aliyekwamishwa na theluji, wanaifagia theluji;
kisha wanachora ramani upya, jimbo kwa jimbo,
na vita fulani havipiganwi,
na mtoto fulani anazaliwa baba yake yupo.
"Wanalipwa?" nikauliza.
"Hawalipwi, mjomba. Hawalali tu."

Nami sijalala vizuri tangu kura za maoni za kata yetu.
Ghala la chama cha msingi, harufu ya magunia na salfa,
wajumbe mia na ishirini na wawili,
wengine wamekalia mizani, wengine ndoo zilizofunikwa,
na mimi karani, kwa sababu mwandiko wangu unasomeka.
Ching'oma, sitini na moja.
Somoe Likwachala, sitini.
Iliyoharibika, moja.

Hiyo moja niliishika hivi, kwa vidole viwili.
Kanuni ilitaka jina kamili la mgombea.
Mtu aliyejifunza kusoma akiwa na wajukuu
alikuwa ameandika, kwa herufi za kupanda mlima:
MAMA NDOO.
Nani kwetu asiyemjua Mama Ndoo,
aliyempelekea mhandisi wa maji ndoo tupu ofisini,
akaiacha mezani juu ya mafaili,
na kesho yake nyingine, na kesho kutwa nyingine,
mpaka yule bwana akawa anatokea mlango wa jikoni?
Nilijua. Msimamizi alijua. Kanuni haikujua.
Nikaiweka upande wa kushoto.

Hakuna anayemchorea Somoe ramani.
Nimemchorea mimi, nyuma ya stakabadhi ya korosho:
hapa bomba lingalipita, likipanda kutoka Kitangari,
hapa kioski, hapa foleni isingalikuwepo.
Kisha, mazoea ya ualimu, nikajisahihisha.
Pengine angalinunua gari, akafunga vioo.
Pengine bomba lingalipasuka Juni
na fundi angalisema kesho.
Na kubwa kuliko hayo: ningaliihesabu, zingalilingana tu,
sitini na moja kwa sitini na moja.
Tungalikula ule wali uliokuwa unapoa, tungalipiga tena.
Na kwenye kura hiyo ya pili
kalamu yangu hukwama. Naona mikono inakunja karatasi,
sioni kilichoandikwa.
Hata Wamarekani wa Chitanda, nadhani, hufika mahali
jogoo akawawikia.

Jana alfajiri, kwenye tangi la shule,
madumu ya njano, moja limezibwa kwa gunzi la hindi.
Somoe yuko wa nne kwenye foleni, anakanda goti.
Nilimsogelea na kauli yangu yote kifuani:
upande wa kushoto, vidole viwili, jina lile.
Nilikuwa nimekwisha kufungua mdomo.
"Mwalimu," akasema, "ungenishikia upande huu."

Ungenishikia.
Sikio langu la darasani likasimama wima.
Hakusema ungalinishikia.

Nikainama. Tukainua pamoja.
Maji yalikuwa mazito kuliko nilivyodhani,
yakanimwagikia kiatu,
na sikusema kitu mpaka tulipofika kwake.