Jina Lisilo na Somo

Mwanamize hataki Waridi. Hataki Yasmini.
Kliniki ya Leamington, asema, ukiita Yasmini
wanageuka watoto watatu na mama mmoja.
Anataka ua lisilo na somo mji mzima,
jina ambalo mwalimu atalisoma moyoni mara mbili
kabla ya kuthubutu kuliita.

Basi mimi, mfunga maua, nikatumwa kazini kwangu.
Usiku kucha ndani ya nyumba za vioo,
nje theluji, ndani jasho,
nasoma maandishi ya ubavuni mwa maboksi
na kuyanakili nyuma ya bili ya umeme.

Zinia.
Nililitamka jikoni, chai ikampalia.
"Binti yangu aitwe hivyo mbele ya mashehe?
Hajabalehe, keshahukumiwa?"
Nikafuta.

Peoni.
Tukampigia mama yake Tanga,
kwetu usiku wa manane, kwao jua limechomoza.
Simu ikakwaruza. "Peponi?
Mtoto hajafika duniani, mnampeleka Peponi?"
Akasoma dua ndefu, ikala salio lote.
Nikafuta.

Eusebio, tunayefunga naye, akanipa ua la kwao Meksiko:
Dalia.
Hapo Mwanamize akanyamaza.
Dalia anayoijua yeye haina petali;
ni ile manjano aliyosingwa wiki ya harusi,
iliyong'ang'ania mashuka mpaka tukayagawa.
"Anukie ubiharusi," akasema, "kabla hajanukia maziwa?"
Lakini hakufuta. Aliweka alama ya kuuliza.

Mimi, niseme kweli, nilikuwa na langu.
Kilua.
Ua dogo lisilojua kujionyesha,
harufu yake hubisha hodi kabla yake.
Humu ninamofunga, maua elfu kumi kwa zamu
na hakuna hata moja linalonukia.
Mwanamize, anayenishinda Kiingereza,
akaliandika, akafunika nusu yake kwa kidole:
kwa watu wa huku, jina hilo linaanza na kuua.
Ua linaloua.
Nilifuta mwenyewe.

Kamelia. Azalia. Lobelia. Magnolia.
"Umeyasikia?" akaniuliza, mkono kiunoni,
tumbo limemtangulia kama mgeni asiye na haya.
"Yote yanaishia kwa kulia.
Kame, kisha lia. Aza, kisha lia.
Maua ya huku yana msiba gani?"

Uchungu ukamshika orodha haijaisha.
Barabara ya Windsor ilikuwa kioo kitupu,
nikaendesha kama niliyebeba mayai.

Akatoka kimya.
Rangi yake ilikuwa ya bilinganya.
Nesi Marivic akamsugua mgongo kwa taulo
kama anayesugua masizi ya sufuria,
na saa ya ukutani ikawa na kelele
ambayo sikuwahi kuisikia kwa saa yoyote.
Nikainama. Majina yote yalinitoka,
ya maboksi, ya Tanga, hata langu.
Neno moja lilibaki.
Lia.
Lia.
Lia, mama, lia.

Akalia.
Alilia hadi miwani ya Marivic ikapata ukungu,
au ulikuwa wangu, sijui.
Marivic akachukua kalamu, akaandika
kwenye utepe wa kile kifundo chembamba: Lia.
"Zuri," akasema. "Fupi."
Sikumsahihisha.

Sasa fomu ya serikali iko mezani, ina doa la uji.
Mwanamize, mtoto titini, kalamu mdomoni,
anayafufua tuliyoyazika,
anatamka moja, anamtazama usoni, anangoja.
Mtoto ananyonya. Hana maoni.
Mama yake kapiga tena: ni ua gani?
Nikamwambia, mwisho wake tunao,
mwanzo wake bado tunautafuta.
Safari hii dua ilikuwa fupi,
au labda salio lilikuwa lake.