Fomu ya Wilaya

Fomu imefika kwa basi la saa tano, imekunjwa mara nne.
Ina masanduku matatu: HISTORIA. JIOGRAFIA. WATU.
Kila sanduku mistari minne. "Mwalimu mkuu ajaze
kwa mwandiko wa kusomeka, kabla ya Ijumaa."

Lakhanjhiri hatuna mwalimu mkuu. Tuna mimi,
Sulochana, hesabu na sayansi,
na ufunguo wa kabati la chaki.

Naanza na jiografia; kilima hakibishani na mtu.
Kusini kuna kimoja, mgongo wa nyati aliyelala.
Kaskazini mto Sukhni, ambao miezi minane
ni uwanja wa mchanga, wavulana huchezea kriketi,
na mwezi wa saba huja kudai chake:
mwaka jana ulibeba wiketi, choo cha polisi
na mbuzi wawili wa Gafuran.
Reli ipo. Treni haipo.
Stesheni tunaanikia pilipili, majukwaa yote mekundu,
na Tikaram, aliyekuwa msimamizi, hajavua kofia:
huwapigia filimbi kunguru.

Historia. Wasemao husema raja alipita akiwinda,
akashikwa na kiu, akasema, chimbeni.
Kana kwamba kusema ndiko kuchimba.
Kisima kina ngazi themanini na nne,
nimezihesabu na darasa la sita,
na kwenye mawe, alama za waashi:
mundu, jicho, samaki.
Jina la raja liko juu kabisa, mvua imelila.
Samaki angali samaki.
Wakaja Waingereza na reli ya kubebea pamba.
Pamba ikaenda. Wao wakaenda.
Vyuma vikabaki vinashika moto wa jua.

Watu: elfu sita mia mbili na kumi na tisa,
ndivyo isemavyo sensa.
Lakini Jumanne tulimchoma Jhamku,
mtengeneza bangili za lakiri.
Hakupima kwa uzi. Alikuminya kiganja mara moja,
akageukia makaa, na bangili ikapita
kama maji yanavyopita.
Binti aliyeolewa mbali akiagiza kwa barua,
Jhamku alifumba macho, akaukumbuka mkono.
Daftari hakuwa nalo.

Nilipofiwa na mume walizivunja zangu, ndiyo desturi,
kwa jiwe, kizingitini.
Mwaka ulipopita aliniita kwa mlango wa uani,
akanishika mkono, akakunja uso:
"Umekonda nusu ukucha."
Akanivisha ya kijani. Hakuongeza neno.

Mistari minne iliisha zamani. Niliandika pembeni,
kisha nyuma, kisha nikararua karatasi za grafu,
nikazibandika kwa gundi ya unga.
Kwenye idadi nimekata tisa, nikaandika nane.
Karani atanuna.

Basi linapiga honi.
Naikunja fomu; haikunjiki tena mara nne.
Naipeleka hivyo hivyo, wazi, mkononi,
na bangili inagonga karatasi kila hatua.