Akidi

Sisi ni saba kwa karatasi.
Kwa miili, Jumanne hii ya Februari, bondeni Cwm-hesg,
mvua ikitwanga paa la ukumbi wa kanisa, tuko wanne,
na katiba yetu ya kurasa sita, kifungu cha tisa,
yasema wanne ndio akidi. Pungufu ya hapo ni soga.

Chama chetu huazima watu viti vya magurudumu:
viti kumi na vinne, magongo, vitanda viwili vya mpini,
na choo kimoja cha kubebeka ambacho hakuna akitajaye kwa jina.
Juu ya hivyo vyote ipo bodi.
Chini ya bodi, kamati: ya fedha, ya vifaa, ya maombi.
Mgeni akiusoma mchoro wetu ukutani, na mishale yake,
atadhani hapa pana serikali.
Kumbe ni Eluned akiripoti kwa Eluned;
ni Idwal wa vifaa akimwandikia Idwal wa fedha
kumwomba senti za tairi,
na kwa wino uleule akijinyima.

Mimi ni katibu.
Naandika "ilikubaliwa" pale watu walipochoka,
"mjadala mrefu" pale Gwenllian alipopiga meza.

Agenda ya tano. Ombi jipya:
kiti kimoja, chepesi, kwa mwanamke wa miaka sabini na mmoja,
nyumba ya mwisho kabla ya daraja.
Idwal akavua miwani.
"Ni Menna wangu," akasema, kana kwamba hatukuijua nyumba,
akainuka, maana kifungu cha kumi na moja chasema
mwenye maslahi atoke.
Mlango ukajifunga nyuma yake.
Tukabaki watatu.

Hapo sheria mbili zikakamatana mashati.
Akikaa, tumevunja moja. Akitoka, hatuna kikao.
Gwenllian: "Kiti kipo pale nyuma ya pazia, gurudumu naliona.
Tumpe aende. Nani atatushtaki?"
Eluned ameshika kile kinyundo miaka kumi na tisa
na sijapata kumsikia akikigonga.
"Mwaka juzi," akasema, "tulimwambia kijana wa Prosser asubiri.
Alisubiri."
Basi.

Nikampigia simu Beti, mjumbe wa kwenye orodha tu.
Alikuwa akikamua. "Wamebaki ng'ombe sita."
"Njoo ulivyo."
Kupitia kioo cha mlango tuliuona mgongo wa Idwal ukumbini nje,
chini ya picha za wanakwaya waliokwisha kufa,
akisoma tangazo la moto: likizuka, tokeni kwa utulivu.
Alilisoma tena. Chai yake ikapoa mezani kwetu.
Hakuna aliyempelekea. Hatukuwa na hakika kama kifungu kinaruhusu.

Beti aliingia na buti, na harufu ya maziwa na samadi,
akabwaga funguo za trekta juu ya bajeti.
Nilipoanza kusoma ombi akanyoosha mkono juu.
"Ushushe," Eluned akamwambia. "Sikiliza mpaka mwisho."
Akaushusha. Nikasoma mpaka mwisho,
uzito, upana wa mlango, ngazi mbili za mbele.
Mikono minne.

Kumbukumbu zasema: mjumbe mmoja alitoka
saa moja na dakika kumi usiku,
akarejea saa mbili kasoro dakika tano.
Kiti namba tisa. Miezi sita.
Hazisemi kwamba alikataa kusamehewa dhamana ya pauni kumi,
kwamba alifungua kitabu chake mwenyewe cha stakabadhi,
akaandika jina lake pa mtoaji, akatia saini,
akaandika jina lake pa mpokeaji, akatia saini,
akachana nakala, akaikunja, akaiweka mfukoni;
wala kwamba alivua koti akalifunika kalio la kiti
kabla ya kukisukuma nje mvuani.

Beti alikuwa ameshaondoka.
Agenda ya sita, tairi, iliahirishwa kwa kukosa akidi.