Hatua ya Arobaini na Moja

Skripti imekufa tena.
Hatua ya arobaini na moja, saa tano na dakika nane usiku,
Eskişehir, ghorofa ya tatu, juu ya duka la simit,
ile mikate ya pete iliyovingirishwa kwenye ufuta.
Mwokaji ameshafunga.
Theluji inashuka kwenye reli bila kumwamsha mtu.

Inasema: “Faili halipo.”
Nami nalitazama. Lipo.
Lipo kama pua ilivyo usoni.

Nimeshafanya yote yafanywayo.
Nimefuta mabaki ya jana, nikajenga upya toka msingi.
Nimepima diski: nafasi tele.
Nimekagua ruhusa, nani asome, nani aandike.
Nimewinda nafasi tupu iliyojibanza mwishoni mwa mstari,
ile isiyoonekana, inayomwangusha mtu kama ganda la ndizi.
Nimelinganisha matoleo ya maktaba, namba kwa namba,
na saa ya kompyuta na saa ya ukutani.
Nimezima. Nimewasha.
Hilo la mwisho nimelifanya kwa aibu; hakuna aliyeniona.

“Kwangu inakwenda,” alisema Okan mchana,
akarudi kwenye chai yake.
“Kwangu inakwenda,” alisema Tuncay,
“mwaka wa sita huu, tangu alipoiandika Bedri.”
Bedri alihamia Antalya kufuga nyuki. Hapokei simu.
Hii ni wiki yangu ya pili kazini
na kwangu haiendi.

Basi nikaiamuru itamke kila inachokifanya,
neno kwa neno, kama mtoto aliyefumaniwa na sukari mdomoni.
Ikateremsha mistari mia tisa.
Nikaifuata kwa kidole juu ya kioo,
na kwenye mstari wa mia sita na kumi na mbili
nikakuta punje ya ufuta imeganda,
masalia ya chakula changu cha jioni,
imekaa juu ya herufi i, pale pa nukta.
Nikaipangusa.
Chini yake hapakuwa na nukta.

ınıt.

Faili linaitwa init. Skripti inatafuta ınıt.

Nilicheka peke yangu kama mwehu.
Bedri alilichukua jina la herufi kubwa, INIT,
akaiambia kompyuta: lipunguze, ziwe ndogo.
Na kompyuta yangu, mtiifu wa watu,
ikalipunguza Kituruki.
Kwetu I kubwa isiyo na nukta
huzaa ndogo isiyo na nukta;
mtoto wa nyoka ni nyoka.
Za wenzangu ziliwekwa Kiingereza siku ya kwanza,
zamani, kwa sababu waliyokwisha kuisahau.
Yangu haikukosea. Ndiyo pekee ofisini
iliyojua kusoma.

Nikampigia Tuncay.
“Weka Kiingereza kama sisi,” akapiga mwayo, “ukalale.”
Ni kubofya mara moja tu.
Mkono ulifika hadi pale.

Jina langu ni Sıdıka, la bibi mzaa baba.
Ziko mbili ndani yake, zote vipara.
Shuleni, benki, kwenye tiketi za ndege
wamezivika nukta, nami nimepokea
kama apokeaye chenji pungufu
kwa kuona haya kuhesabu.

Nikaufungua mstari wa Bedri.
Nikaongeza maneno machache: punguza kwa kanuni moja,
iwe Eskişehir, iwe popote.
Juu yake nikamwachia ujumbe atakayekuja:
“Usiufute. Si kila i ina nukta.”

Arobaini na moja. Arobaini na mbili.
Hadi sitini, kijani.

Asubuhi ripoti ilijituma yenyewe kwa kila mtu:
Imerekebishwa na Sidika.
Okan akaisoma kwa sauti, akanipa hongera.
Nikashukuru, nikavuta kiti,
nikauliza ripoti hizi zinatengenezwa na skripti ipi.