Matundu Matatu

Kope ya kushoto ilianza kushuka mwezi wa Shaabani.
Nikaisukuma kwa kidole, kama mtu anayepandisha pazia la duka,
nikaendelea kudarizi.
Kofia ya Nassor, ya viua, uzi rangi ya zabibu.
Ilipofika adhuhuri sindano zikawa mbili.
Uzi ukapita katikati yao, penye hewa tupu.

Wakasema jicho. Jirani yangu hapa Mabela akaja na chetezo,
akafukiza ubani mpaka kengele ya moto ikalia.
Wakasema uvivu, maana asubuhi ni mzima,
napepeta mchele, nabishana,
na jioni nyama inanishinda katikati ya tonge,
taya nalishikilia kwa mkono kama mlango uliolegea bawaba.
Kicheko changu, kwenye picha za harusi ya Rayya,
kimetoka kama cha mtu anayenuna.

Daktari akasema: tazama dari, usipepese.
Akahesabu kwa Kiarabu.
Sikufika thelathini.

Kumbe nyuma ya mfupa ule
unaoupiga kwa kiganja ukisema "mimi"
kuna tezi ya utotoni.
Kazi yake kuwafunza askari wa damu:
huyu wetu, huyu mgeni.
Ikishafunza hunyauka, hugeuka mafuta, husahauliwa.
Yangu ilikataa kustaafu.
Imezeeka na somo limeipotea,
inawatuma askari kwa mwenye nyumba.
Neva inapeleka salamu: inua.
Msuli hausikii. Mlango umepigiliwa misumari.

Rayya alikuwa akinitafsiria,
akakwama kwenye neno "mgeni".
Nikamwambia endelea, nalifahamu.
Nimeitwa hivyo Wete. Nimeitwa hivyo hapa.

Nilidhani watanipasua kifua kama kuku.
Daktari akatikisa kichwa: matundu matatu, ubavuni,
hakuna linalozidi ncha ya kidole.
Kamera, na mikono miwili myembamba ya chuma.
Nikamwuliza, unaanza kufumua wapi, pembeni au katikati?
Akanitazama kama fundi amtazamavyo fundi.
Pembeni, akasema. Polepole.
Neva ya pumzi inapita papo hapo.

Nilizinduka na mrija ubavuni na kiu ya chai ya rangi.
Siku ya tatu nikapanda ngazi za nyumbani,
saba zote, nikapumzika ya nne.

Msiniulize kama nimepona.
Vidonge ni vile vile, kila baada ya saa nne.
Daktari amesema mwaka, labda miwili,
labda nafuu tu, si zaidi.
Juzi kope ilishuka kabla ya alasiri,
na kofia ya Nassor ingali kwenye mkebe wa biskuti,
sindano imechomekwa pale pale nilipoiachia.

Ila usiku, mbele ya kioo, huinua mkono nikayakagua.
Matatu, yamefumba vizuri.
Kazi safi, uzi haukukazwa kupita kiasi.
La chini tu limevuta kidogo upande.
Nitamwambia kliniki ijayo.