Inchi Nne

Tulilitoa mtoni mwezi wa Machi, barafu ikianza kulegea,
mimi na Corrine, mjukuu wa dada yangu,
trekta likivuta, mnyororo ukilia,
na mchanga wa Mto Loup ukiling'ang'ania
kama mdai aliyechoka kuahidiwa.

Baba ndiye aliyelisukuma pale. Nilikuwa na miaka sita.
Mto ulikuwa unakula shamba la maharage,
kila masika unameza mistari miwili, mitatu,
naye, kama majirani zake wote,
akaulisha magari: pikapu ya kina Hruska, basi la kanisa,
na mwisho hili, la milango miwili, la mwaka thelathini na nne,
alilomtongozea mama.
Asiyeziba ufa hujenga ukuta.
Baba aliziba ufa kwa ujana wake,
akarudi nyumbani, akaomba chumvi.

Sasa limo gerejini kwangu, limepandishwa juu ya magogo,
halina sakafu, halina kiti, halina aibu.
Ndani ya mlango nilikuta gamba la kome
limejifunga kama mkoba wa bibi.
Corrine akauliza kama tulitupe.
Acha kwanza, nikasema.

Injini ni ya Otis Brandvold. Silinda nane,
miaka kumi na tisa ilivutia mahindi maji
bila kwenda popote.
"Haijawahi kuona barabara," alisema Otis. "Itashangaa."
Nilimlipa kwa breki za lori lake na keki mbili.
Keki alizihesabu.

Luella akaja, mkoba kwapani, akasimama mlangoni:
"Ardis, miaka sitini na minane, unakata paa la gari?
Wenzio wanakata mboga."
Inchi nne tu, nikamwambia.
"Kwa nini inchi nne?"
Akajibu Corrine: "Ili lionekane kama linataka kusema neno baya."

Tukapiga mstari wa chaki. Tukapima. Tukala. Tukapima tena.
Kisha msumeno.

Hakuna aliyeniambia hili:
ukilishusha paa, nguzo za juu hazikutani tena na za chini.
Gari hunyembea kwenda juu, kama chungu kwenda shingoni,
kwa hiyo kila upande ulipungukiwa na upana wa kidole.
Ili liwe fupi, ilibidi tuliongeze.
Tukalipasua paa msalaba, vipande vinne sakafuni,
nami nikakaa juu ya ndoo nikivitazama
kama mtu aliyevunja sahani ya ukweni.

Bati la kujazia tulilikata kwenye basi la shule namba kumi na nne,
manjano lile lile lililonizeesha kazini.
Tulichomelea nukta, tukangoja ipoe,
nukta nyingine, mbali na ya kwanza.
Bati jembamba halitaki pupa:
ukilizidishia moto
linajikunja kama mdomo wa mtoto aliyenuna.
Usiku wa nne Corrine aliinua barakoa akauliza,
"Babu alilia, siku ile mtoni?"
Nimekwambia. Aliomba chumvi.

Oktoba likawaka. Mara ya kumi na moja, lakini likawaka,
mbwa wa Otis akaingia chini ya nyumba
na madirisha ya jikoni yakatetemeka kwenye fremu.
Rangi hatujapaka. Msalaba wa manjano uko wazi juu ya kutu,
na gamba la kome liko ndani ya mlango, linagonga kila kona.
Luella aliinamisha kichwa ili aingie,
akabaki ameinama hivyo hivyo, kilomita sita,
hakusema mboga.

Tukaenda hadi mtoni, niwaonyeshe lilipotoka.
Pale pana shimo, umbo la gari kabisa,
na maji yameshaingia, yanalamba ukingo,
yanamega udongo kidogo kidogo kuelekea maharage.
Nilizima injini. Corrine alinitazama.
Nikamtazama dada yangu.

"Msiniangalie mimi," alisema Luella,
kidevu kifuani.
"Langu bado nalilipia."