Fundo la Somoe

Bi Somoe Mnonjela alikuja na karatasi ya daftari
iliyokunjwa mara nne, inanuka moshi wa maganda.
Alitaka simba. Alitaka na tai juu ya simba,
na ramani ya Afrika, na korosho yenye taji,
na jina kwa herufi za kujinyonganyonga
kama zile za kadi za harusi,
na namba tatu za simu, na karibuni nyote,
na Mungu ni mwema, chini, kama nafasi itabaki.

Nikamuuliza: bati lako lina upana gani?
Akanyoosha mikono.
Vidole vimebabuka kwa mafuta ya ganda,
kucha nyeusi za mtu anayebangua tangu alfajiri.

Mama, nikamwambia, mwenye bodaboda
akitoka stendi ya Newala kwenda sokoni
ana jicho moja la barabara, jingine la trafiki.
Wewe utapata la tatu, kama analo.
Usimpe gazeti.
Mpe neno moja alimeze akiwa mwendoni.

Na huyo simba, umemwona wapi akila korosho?
Akacheka, akaficha meno kwa ncha ya mtandio.
Lakini Likwata anaye, akasema.
Anaye. Na muuza magodoro anaye.
Na yule wa sumu ya panya, simba vilevile.
Mji mzima unanguruma, hasikiki mtu.

Tukaja kwenye rangi. Alipenda nyeupe, kwa usafi.
Nyeupe kwetu huishi wiki mbili:
vumbi hili jekundu lina kiherehere,
kufika Agosti bango limekuwa chai ya maziwa.
Bora uanze na udongo wenyewe,
vumbi likija limkute nduguye.

Ila nichore nini, sikujua.
Hilo sikumwambia. Nilipokea elfu kumi ya kuanzia,
nikaegemeza bati ukutani, likanitazama siku nne.

Siku ya tano baridi imepanda kutoka Shimo la Mungu,
ukungu umemeza mnara wa simu,
akapita mtoto wa shule anatafuna.
Mkononi kifuko cha kaki; shingoni mwa kifuko
uzi wa buluu, ule wa ukingo wa gunia,
umefungwa mara mbili,
ncha moja fupi, ncha moja ndefu.
Sikuona jina. Hapakuwa na jina.
Nikasema: hizo za Bi Somoe.

Nikamfuata. Kwa nini ncha moja ndefu?
Akanishangaa kana kwamba nimeuliza
kwa nini mlango una komeo.
Ndiyo ya kuvutia, fundi.
Mtu katoka shamba, mikono ina udongo,
avute mara moja, ale.

Nikarudi nikachora fundo.
Nyuma udongo, mbele uzi wa buluu,
ncha ndefu ikashuka mpaka ukingo wa bati
utadhani ukiivuta kibanda kitafunguka.
Chini, herufi nene zisizo na mapozi:
KOROSHO ZA SOMOE.
Namba ya simu moja, ile anayopokea.

Alilitazama bango mpaka nikaanza kuihofia salio yangu.
Ndiyo hii tu?
Ndiyo hii tu.
Sasa nakulipia nini, na fundo ni langu?

Sikuwa na jibu zuri. Nikasema nalipwa
kwa simba nisiyemchora.
Akanikata elfu tano. Sikubisha.

Karakana yangu mwaka wa kumi na moja huu haina bango;
mganga hajigangi.
Mgeni akiulizia mchora mabango
huambiwa na watoto, bila hata kuinua macho:
nenda mpaka kwenye fundo,
fuata ncha ndefu inakoelekea,
ukikuta mlango wenye matone ya rangi, piga hodi.